JE, KUPIMA NI KUKOSA TAWAKKUL? FUNZO KUTOKA KWA WATU WA HELIKOPTA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, makala haya yametokana na swali la mwanafunzi. Tulikuwa katika darsa la tafsiri, tumefika Suratul An'aam, aya ya 125, pale ambapo Mwenyezi Mungu anampigia mfano mtu aliyenyimwa uongofu kwa mtu ambaye kifua chake kimebanwa na kutiwa dhiki, kama kwamba anapanda mbinguni. Wanafunzi kadhaa walifurahi sana wakasema, "Mwalimu, hii ni sayansi! Juu hakuna hewa, na Qur'ani ilisema zamani." Hapo kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Sasa mwalimu, kama imeshasemwa, hao watu wa ndege wanapimapima nini tena?"

Darsa lilicheka, lakini sisi hatukucheka. Swali lile ni kubwa kuliko lilivyoonekana, kwa sababu ndani yake mna fikra ambayo imeenea katika nyumba zetu: kwamba muumini akishaamini hana haja ya kupima, na kwamba anayepima amepungukiwa imani. Tulimwahidi kijana yule jibu lililokamilika, na hili hapa.

Msimamo wetu tunausema mapema. Kupima ni katika amana. Anayepeleka roho za watu mahali pa hatari bila ya kupima anafanya dhulma, hata akitanguliza bismillahi mara mia.

HEWA YA JUU IKOJE?

Hewa tunayoivuta ina oksijeni takriban asilimia 21. Kiasi hicho ni kile kile ufukweni na juu ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895. Kinachobadilika ni mgandamizo wa hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na ukifika mita 5,500 hivi mgandamizo wake unakuwa nusu ya ule wa pwani. Maana yake ni kwamba mtu anavuta pumzi ile ile, lakini oksijeni inayoingia mapafuni ni nusu au chini ya hapo. Upungufu huo wa oksijeni mwilini wataalamu wanauita haipoksia.

Wapandaji wa Kilimanjaro wanaufahamu. Wanaopitia Marangu hulala Horombo, mita 3,720, kisha Kibo, mita 4,700 na ushei, na waongozaji huwaambia kila hatua "pole pole" ili mwili upate siku za kuzoea. Mtu wa helikopta hana siku hizo. Anaweza kutoka bondeni na kuwa juu kama Horombo kwa dakika chache, na mwili wake haujapata habari.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wetu walikuwa hawalijui. Anayepanda mlima kwa miguu huhema na kuumwa kichwa, basi anajua kuwa kuna tatizo. Lakini aliyekaa kitini mwa ndege huenda asihisi kubanwa kokote. Baadhi ya watu hujisikia vizuri kabisa, hata wakacheka, na huku akili inapungua, hesabu ndogo zinawashinda, na mikono inakuwa mizito. Na macho huanza mapema zaidi: marubani hufundishwa kwamba uwezo wa kuona usiku huanza kupungua kuanzia futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Haipoksia humwibia mtu akili kwanza, na akili ndiyo ambayo ingemwambia kuwa anaibiwa.

WALIOKUFA NA OKSIJENI MBELE YAO

Tarehe 15 Aprili 1875, Wafaransa watatu, Gaston Tissandier, Joseph Crocé-Spinelli na Théodore Sivel, walipanda na puto kubwa lililoitwa Zénith. Hawakuwa wajinga. Mwaka mmoja kabla yake, Crocé-Spinelli na Sivel walikuwa wameingia katika chumba cha chuma cha mwanachuoni Paul Bert huko Paris, chumba ambacho hewa yake ilipunguzwa mpaka ikafanana na ya juu sana, nao wakaona kwa macho yao jinsi oksijeni inavyomrudishia mtu nguvu. Kwa hiyo walibeba oksijeni katika vifuko. Paul Bert aliwaandikia barua kuwaonya kuwa kiasi walichochukua hakitoshi, lakini barua ilichelewa.

Wale watu waliamua kuiweka akiba oksijeni yao mpaka watakapoihitaji. Walipopita mita 7,000 na zaidi haja ilifika, lakini mikono haikuweza tena kuinuka kuushika mpira uliokuwa karibu na midomo yao. Puto liliposhuka, Tissandier peke yake alikuwa hai, na masikio yake yaliharibika. Baadaye alieleza kwamba pale juu hakuhisi maumivu, bali alihisi furaha.

Mtu asiseme hayo ni mambo ya zamani. Tarehe 14 Agosti 2005, ndege ya abiria ya shirika la Helios iliruka kutoka Cyprus kwenda Athens. Swichi ya kuongoza mgandamizo wa hewa ndani ya ndege ilikuwa imeachwa mahali pasipo pake. King'ora kililia, marubani wakadhani ni cha jambo jingine, na ndege ikaendelea kupanda mpaka wakapoteza fahamu. Ilizunguka angani hadi mafuta yakaisha, ikaanguka huko Ugiriki. Watu wote 121 walifariki.

Tazameni, ndugu zetu. Katika visa vyote viwili vifaa vilikuwapo. Kilichokosekana ni kuhakikisha, kabla ya saa ya shida, kwamba kifaa kitafanya kazi katika mkono wa mtu ambaye akili yake imeshaanza kuondoka.

WATU WA HELIKOPTA

Ndege kubwa za abiria hutiwa hewa ndani, ndiyo maana babu zetu huenda Hijja wakiwa juu kuliko Kilimanjaro na wakala chakula chao kwa raha. Helikopta kwa kawaida haina hewa ya kutiwa. Hewa ya nje ndiyo ya ndani, na mara nyingi mlango uko wazi.

Wakati wa vita vya Afghanistan, vya mwaka 2001 hadi 2021, helikopta za jeshi la Marekani zilikuwa zikiruka katika milima ya Hindu Kush, ambamo kilele cha Noshaq kinafika mita 7,492. Kanuni za jeshi hilo zinataka watumishi wa ndege isiyotiwa hewa watumie oksijeni wakizidi saa moja juu ya futi 10,000, wakizidi nusu saa juu ya futi 12,000, na wakati wote wakizidi futi 14,000. Futi 12,000 ni karibu na Horombo yetu.

Rubani amekaa, anaweza kufungiwa mpira wa oksijeni pale kitini. Lakini nyuma yake kuna wengine: anayeangalia mzigo, anayechungulia mlangoni, na mganga anayemhudumia majeruhi. Hao husimama, huinama, huburuta machela na masanduku. Mwili unaofanya kazi unakula oksijeni zaidi kuliko uliokaa, kwa hiyo wao ndio wanaoihitaji zaidi, na hao hao ndio ambao mpira mrefu utawakwaza au kuwafunga miguu. Ndipo vikatengenezwa vifaa vya kubeba mwilini: mtungi mdogo, kifaa cha kupimia kiasi, na mpira mwembamba wa puani au barakoa. Vingine havimwagi oksijeni muda wote. Huhisi pale mtu anapoanza kuvuta pumzi, vikatoa mkupuo mmoja, kisha vikanyamaza, ili mtungi mdogo udumu.

Kijana wetu aliuliza, wanapima nini? Haya ndiyo wanayopima, na kila moja ni swali la mtu mwenye hofu ya kuua wenzake.

Je, kifaa kitaihisi pumzi ndogo ya mtu katikati ya mtikisiko na mngurumo wa pangaboi? Je, mtu akizungumza kwenye redio, au akivuta kwa mdomo badala ya pua, mkupuo bado utamfikia? Je, baridi ya juu itagandisha unyevunyevu wa pumzi ndani ya mpira? Je, kitakaa pamoja na helmeti na miwani ya kuonea usiku bila ya kugombana navyo? Je, umeme wake utavuruga vyombo vya helikopta? Je, mtungi utadumu muda gani kwa mtu aliyekaa, na muda gani kwa mtu anayebeba mzigo? Na helikopta ikianguka, je, mtu atajivua kwa haraka, au ule mpira utamnasa ndani?

Jeshi hilo lina maabara yake ya utafiti wa afya za watu wa ndege huko Fort Rucker, Alabama. Katika upimaji wa namna hii, watu wa kujitolea huingizwa katika chumba ambacho hewa yake hupunguzwa mpaka iwe kama ya mlimani. Kidoleni huvikwa kipimo kidogo cha mwanga kinachosoma kiwango cha oksijeni katika damu, ambacho kwa mtu mzima wa afya huku chini huwa asilimia 95 na kuendelea. Hupewa hesabu, huambiwa wafanye kazi, na pembeni yao huwapo mtu mwenye oksijeni yake kamili, kazi yake ni kuwatazama. Hawaulizwi tu "unajisikiaje?" kwa sababu jibu la mwenye haipoksia halitegemeki. Anaweza kusema "mimi mzima" na dakika chache baadaye akashindwa kuandika jina lake.

JE, TUNASIFU VITA?

Tunajua kuna mzazi atakayesema, "Mwalimu, hao ni wanajeshi, na helikopta hizo zimeshuka na moto katika nchi ya Waislamu. Mnawafundisha nini watoto wetu?" Hoja hiyo tunaiheshimu. Hatusifu vita hivyo, na damu iliyomwagika Afghanistan ina hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Lakini elimu haina pasipoti. Elimu ya kulinda pumzi ya binadamu ni ile ile, awe amebeba silaha au amebeba mgonjwa.

Kumbukeni tarehe 8 Oktoba 2005. Ilikuwa Ramadhani. Asubuhi ile tetemeko la ardhi lilipiga Kashmir na kaskazini ya Pakistan, watoto wakiwa madarasani, na watu zaidi ya 70,000 walifariki. Barabara za milimani zilifunikwa na maporomoko. Njia iliyobaki ya kuvifikia vijiji vingi ilikuwa helikopta. Zilikuja za Pakistan yenyewe na za mataifa mengine, zikiwemo Chinook za Marekani zilizotolewa Afghanistan, zikashusha mahema na kuwapakia majeruhi. Mtoto wa Kiislamu aliyelazwa chini ya pangaboi siku ile alihitaji anayemhudumia awe na akili yake timamu. Katika Suratul Maaida, aya ya 32, tumefundishwa kwamba kuihuisha nafsi moja ni kama kuwahuisha watu wote. Anayepima kifaa cha kulinda pumzi ya mwokoaji ana sehemu yake katika kazi hiyo.

TAWAKKUL NI NINI BASI?

Nabii Ibrahim (A.S.), katika Suratul Baqara, aya ya 260, alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kuwa anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakukaripiwa kwa ombi lake, bali alipewa kazi ya ndege wanne. Na Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia bila kamba na kutegemea, alimwamuru amfunge kwanza kisha ategemee. Katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, waumini wanatakiwa wazichunguze habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Kama habari ya mdomoni inachunguzwa, vipi kifaa kitakachobeba roho ya mtu?

Turudi sasa kwenye aya ya kifua. Wafasiri wengi wa zamani waliielewa kuwa ni mfano wa jambo lisilomkinika: kama mwanadamu asivyoweza kupanda mbinguni, ndivyo imani isivyoweza kuingia katika moyo ule. Wasomaji wa leo wakiongeza kwamba juu hewa ni nyepesi, hatuwazuii, na sisi wenyewe aya hii hutupa haiba kila tunapoisoma. Tunachokikataa ni ile tabia ya kuchukua aya, kupiga takbira, na kwenda kulala. Paul Bert alijifungia mwenyewe katika chumba chake cha chuma. Ibnul Haytham, Muislamu wa Basra aliyefariki karibu mwaka 1040, aliandika kitabu chake cha elimu ya mwanga kwa kuyapima maneno ya waliomtangulia, moja baada ya moja, ingawa walikuwa na majina makubwa. Hakuona kuwa kupima ni kuvunja adabu. Sisi wajukuu zake tumebaki kusema "yalikuwa yetu" huku darasa la fizikia likiwa na wanafunzi wawili.

Aya ni mwaliko. Mtu aliyealikwa karamuni akabaki mlangoni akijisifu kwa barua ya mwaliko, atarudi nyumbani na njaa.

HAIPOKSIA ILIYOMO NYUMBANI MWETU

Msidhani haya ni ya milimani tu. Kila msimu wa baridi, na kila usiku wa mvua, kuna familia zinazoingiza jiko la mkaa chumbani, zikafunga mlango na madirisha, zikalala. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huikamata damu pale pale ambapo oksijeni ingekaa, tena huishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huona kichwa kizito na usingizi mtamu, na hiyo ndiyo haipoksia, pwani kabisa, bila ya mlima. Hata kile kipimo cha kidoleni hudanganyika hapo, kwa sababu damu iliyobeba gesi hiyo huonekana kwake kama iliyojaa oksijeni. Ndiyo maana tunasema kifaa nacho hupimwa, na mipaka yake hujulikana.

Wazazi watukufu, jiko la mkaa likae nje. Asiwepo wa kusema "sisi tumezoea, hatujawahi kudhurika". Wale wa Zénith nao walijisikia vizuri. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika Suratul Baqara, aya ya 195, tusijitie maangamizini kwa mikono yetu, na mkono unaoingiza jiko chumbani ni mkono wetu.

Kwa njia hiyo hiyo, presha ya damu haiumi mpaka siku imeshaharibu. Mwenye homa anayemeza dawa ya malaria bila kupima huenda anatibu ugonjwa asiokuwa nao, na ule alionao unaendelea. Anayesema "najisikia mzima, sina haja ya kupimwa" anatumia hoja ile ile ya rubani aliyekosa oksijeni. Na akiongeza "mimi nimemtegemea Mungu", tunamwuliza kwa upole: ngamia wako umemfunga?

NASAHA KWA WANAFUNZI

Enyi vijana wetu, tunawausia mambo matatu mliyoyasikia humu.

La kwanza, msiipe hisia yenu hukumu ya mwisho. Mwanafunzi hujiambia "juzuu hii nimeihifadhi", na akisomea moyoni inapita kama maji. Akikaa mbele ya mwalimu, aya ya tano inampotea. Kusikilizwa si kudharauliwa. Ndiyo chumba chetu cha kupimia.

La pili, awepo wa kukutazama. Katika kile chumba mmoja hubaki na oksijeni kamili kwa ajili ya wenzake. Kuwa na rafiki atakayekwambia "leo umeghadhibika, usiamue sasa" au "siku hizi swala ya alfajiri hatukuoni". Anayepotea polepole hajioni.

La tatu, jiandaeni kabla ya haja. Oksijeni iliyowekwa akiba hadi dakika ya mwisho haikuwafaa wenyewe. Toba, deni, wasia na elimu, yote hayo hufanywa wakati mikono ingali inainuka.

Na kwa yule kijana wa nyuma aliyeuliza: wanapima kwa sababu roho ya mtu ni aghali, na kujua kwamba juu hewa ni nyepesi hakutoshi kumrudisha mtu kwake salama. Tunataka siku moja mmoja wenu, mwenye juzuu thelathini kifuani na hesabu kichwani, awe ndani ya maabara kama hiyo, akipima kifaa kitakachowalinda waokoaji wa Kilimanjaro au wa mlima wowote wa Mwenyezi Mungu. Siku hiyo akiisoma aya ya 125 atasoma kwa khushui ambayo sisi walimu wake hatukuifikia.

Tukiwa tumekosea, ni kutokana na nafsi zetu, na tunaomba turekebishwe. Tukiwa tumepatia, ni kwa fadhila za Mwenyezi Mungu peke yake.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.